KUIONGEZEA PROSESA MWENDO

Tangu tulipofungua shule wenzangu wa bweni huniuliza swali moja: ati ni kweli kompyuta yaweza kufanywa iende mbio kuliko mwendo ulioandikwa na kiwanda? Naam, ni kweli, nami nimeiona kwa macho yangu. Lakini jibu la "ndiyo" peke yake halitoshi, kwa maana nimewasikia wengine wakilichukua neno hilo na kulivisha mambo yasiyokuwamo, kana kwamba ndani ya kila kompyuta imefichwa kompyuta ya pili ya bure. Kwa hiyo nimeona heri niyaandike hapa niyajuayo, ili wewe ndugu msomaji, hata kama hujapata kufungua sanduku la kompyuta maishani mwako, uelewe kazi hii ni nini, yaanzia wapi na yakomea wapi.

Kwanza tuujue mwendo wenyewe. Kila prosesa hufuata mapigo, kama kundi la gwaride lifuatavyo ngoma. Asili ya mapigo hayo ni kipande kidogo cha jiwe la kwatzi kilichomo katika bodi kuu, ndugu yake yule aliyemo ndani ya saa ya mkononi. Prosesa hulipokea pigo la bodi na kulizidisha. Nitatoa mfano wa prosesa niliyoizoea, nayo ni Intel Core i5-2500K iliyotoka mwezi wa Januari 2011. Pigo la bodi yake ni megahezi 100, yaani mapigo milioni 100 kwa sekunde moja, na kizidisho chake cha kawaida ni 33. Zidisha 100 kwa 33, wapata megahezi 3,300, ndiyo gigahezi 3.3 iliyoandikwa juu ya boksi lake. Hesabu hii mtoto wa darasa la nne aiweza. Basi kuongeza mwendo ni kukibadili kizidisho. Weka 42 mahali pa 33, nayo prosesa itajaribu kwenda gigahezi 4.2. Nimesema itajaribu.

Mtu aweza kuuliza, kwa nini kiwanda kiache mwendo bila kuuza? Sisi wa Tanga twaweza kulielewa jambo hili upesi, kwa kuwa tumezaliwa kando ya mashamba ya mkonge. Nyuzi zote hutoka shamba moja na mashine moja, lakini hazifanani, hupangwa kwa madaraja, na kila daraja lina bei yake. Prosesa nazo hukatwa kutoka kisahani kimoja cha silikoni, kisha hupimwa moja moja na kupangwa. Tena kiwanda hakijui mnunuzi ataiweka wapi. Mmoja ataiweka katika chumba chenye baridi, mwingine ataiweka chini ya bati wakati wa kaskazi, na mwingine hatapangusa vumbi miaka saba. Mwendo ulioandikwa hauna budi kuwafaa wote hao. Ile akiba iliyoachwa kwa ajili ya mnunuzi mbaya ndiyo anayoitumia mtu wa kuongeza mwendo.

Mfano mashuhuri wa akiba hiyo ni prosesa ndogo ya bei nafuu iliyoitwa Celeron 300A, iliyotolewa na Intel mwezi wa Agosti 1998. Pigo la bodi yake lilikuwa megahezi 66 na kizidisho 4.5, jumla 300. Kizidisho kilifungwa, hakibadiliki, lakini watu wakagundua kwamba ukiiweka katika bodi yenye pigo la 100, nyingi kati yake zilikwenda megahezi 450 bila kulalamika. Mwendo huo ndio uliokuwa wa Pentium II, prosesa ya bei kubwa ya mwaka ule ule. Nadhani hapo ndipo jambo hili lilipotoka mikononi mwa mafundi wachache likawa mchezo wa vijana wengi. Siku hizi mambo yamegeuka: katika prosesa za Intel za namna ya 2500K pigo la bodi halichezewi sana, kwa sababu sehemu nyingine za mashine hulitegemea, bali kizidisho ndicho kilichoachwa wazi, na ile herufi K mwishoni mwa jina ndiyo alama yake.

Sasa nieleze jinsi nilivyoingia mimi. Mjomba wangu ana chumba cha kazi pale Ngamiani, hupiga filamu za arusi na kuzihariri. Kompyuta yake ina hiyo 2500K, aliinunua ikiwa imekwisha tumika, nayo ndiyo ilishayo nyumba yake na ndiyo inipayo nauli ya kuja shuleni. Likizo ya Desemba iliyopita nilimkuta na arusi nne ambazo hajazikabidhi. Kurenda, kama wasemavyo wenye kazi hiyo, yaani kuiunganisha filamu nzima iwe faili moja, kulimchukua saa 3 na dakika 20 kwa filamu ya saa moja. Ikitokea kosa la sauti, yarudiwa yote. Umeme ukikatika katikati, yarudiwa yote. Alikuwa akilala kitini. Kununua mashine mpya ilikuwa haiwezekani, na kuwaambia maharusi wangoje kulikuwa kunamharibia jina.

Nilimwambia, "Mjomba, prosesa hii ina herufi K, na bodi yake ni ya Z68. Twaweza kuiongeza mwendo."

Akanitazama kwa muda. "Na ikiungua, mpwa wangu?"

Nalimjibu kwamba kuungua papo hapo ni nadra, maana prosesa ikikaribia nyuzi 100 za joto hujipunguza mwendo yenyewe, na ikizidi sana hujizima. Hakuridhika, na mimi sikumlaumu, kwa kuwa mashine haikuwa yangu. Mkaza mjomba, ambaye ndiye mwenye daftari la hesabu, akauliza swali lililokuwa bora kuliko la mumewe: "Je, yaweza kuharibu filamu za watu bila sisi kujua?" Nikamwambia yaweza, ikiwa tutakwenda ovyo. Basi siku ya kwanza hatukugusa mwendo hata kidogo. Tulinakili filamu zote nne katika diski mbili za nje, na moja ya diski hizo mkaza mjomba akaifungia kabatini, ufunguo akauweka yeye.

Siku ya pili ilikuwa ya vumbi na joto. Wanaoanza huona sehemu hii ni ya kuchosha, na wengi huiruka. Mimi nasema ndiyo nusu ya kazi. Tulichomoa waya wa umeme, tukagusa bati la sanduku ili umeme tuli utoke mikononi, kisha tukafungua. Mapezi ya alumini chini ya feni yalizibwa na vumbi kama godoro. Pesti iliyo kati ya prosesa na kipoza joto, ambayo kazi yake ni kujaza nafasi ndogo ndogo zisizoonekana ili joto lipite, ilikauka ikawa kama chokaa. Kabla ya kufungua nalikuwa nimepima: prosesa ikifanya kazi kwa nguvu zake zote ilifika nyuzi 89, na chumba chenyewe kilikuwa nyuzi 31. Tulifuta pesti ya kale kwa spiriti, tukaweka mpya kiasi cha mbaazi moja, na juu yake tukafunga kipoza joto kirefu chenye mabomba ya shaba, ambacho Mjomba alikipata kwa fundi mmoja kwa shilingi 35,000. Tulipowasha na kupima tena, kazi ile ile, chumba kile kile, ikasoma 61.

Naomba msomaji asimame hapo. Nyuzi 28 zilipungua, nasi bado hatujabadili tarakimu hata moja. Mwenye kompyuta inayopiga kelele na kuwa nzito ajaribu haya kwanza. Yamkini asihitaji kuendelea kusoma.

Siku ya tatu tuliingia katika Bayosi, ile programu iliyomo ndani ya bodi, ambayo huonekana ukibonyeza kitufe cha Delete mara tu mashine inapowaka. Hapo pana tarakimu nyingi za kutisha, lakini anayeanza ana mbili tu za kushughulika nazo: kizidisho na volti. Nyingine aziache zilivyo. Kanuni niliyoishika ni kubadili kitu kimoja kwa mara moja, na kukiandika katika daftari kabla ya kutoka. Prosesa yetu ikifanya kazi kwa sehemu zake zote nne hujipandisha yenyewe kidogo, kutoka 33 hadi 34. Basi tukaanzia 36, volti tukaziacha. Ikawaka. Tukapima, tukaenda 38. Ikawaka. Tukafika 40 na Mjomba akaanza kupiga makofi.

Lakini kuwaka si kitu. Hapa ndipo ninapotaka kusema neno langu kuu, kwa sababu wenzangu wengi wanalikosea. Wao hudhani prosesa iliyokimbizwa kupita kiasi huungua, hutoa moshi, na mambo huisha. La. Kabla ya kuungua, prosesa hukosea hesabu. Ndani yake mna transista karibu milioni 1,000, na kila pigo la ngoma ishara hazina budi kutoka hapa zifike pale. Ukiiharakisha ngoma, pigo linalofuata huja kabla ishara moja haijafika, na pale palipotakiwa 1 hubaki 0. Huenda skrini ikageuka samawati na mashine ikazima, na huo ni wema wake, kwa kuwa imekuambia. Ubaya ni pale inapokosea na kuendelea kimya kimya, kama karani aliyekosea kujumlisha naye hajui. Unafungua filamu baada ya wiki mbili, ukaona pale bibi arusi anapoingia, mistari ya kijani imempita usoni.

Kwa ajili hiyo ipo programu iitwayo Prime95. Asili yake haikutengenezwa kwa kazi hii. Ni chombo cha mradi wa watu wa nchi nyingi, ulioanzishwa mwaka 1996 na George Woltman wa Marekani, wa kutafuta namba tasa za Mersenne, yaani zile zipatikanazo kwa kuzidisha 2 kwa yenyewe mara nyingi na kutoa 1, mathalan 3, 7, 31 na 127. Ndogo hizo twazijua darasani. Kubwa kuliko zote iliyojulikana kufikia Oktoba 2024 ina tarakimu 41,024,320, na ingechukua maktaba yetu yote kuichapa. Kazi ya kuzitafuta haivumilii kosa hata moja katika siku nyingi za hesabu, na kwa hiyo programu hii ina mtihani ndani yake: huipa prosesa hesabu ngumu ambazo majibu yake yamekwisha julikana, na jibu likihitilafiana, sehemu ile ya prosesa husimamishwa na kosa huandikwa. Ni kama mwalimu aliye na majibu mezani. Tena huichemsha prosesa kuliko kazi nyingi za kawaida, hivyo ikishinda hapo yaweza kutegemewa mahali pengine.

Kwa 40 tulifanya mtihani saa nne, hapana kosa. Kwa 42, kosa lilitokea dakika ya kumi na mbili. Hapo ndipo volti huingia. Umeme wenye volti zaidi huzifanya transista kugeuka upesi zaidi, na ishara hufika kwa wakati. Tulikuwa na volti 1.20, tukaongeza kidogo kidogo, sehemu mbili za mia kila mara, na kila mara mtihani ukianza upya, mpaka tulipofika 1.26. Hapo tuliiacha usiku kucha. Asubuhi nilipoamka Mjomba alikwisha kaa mbele ya skrini na kikombe chake cha chai ya rangi. Saa tisa zilikuwa zimepita, hapana kosa, joto la juu kabisa nyuzi 74.

Ningalipenda hadithi iishie hapo, lakini binadamu akionja asali hutaka mzinga. Yule fundi aliyetuuzia kipoza joto alikuwa amemwambia Mjomba kwamba prosesa hizi zote huenda 4.5. Mjomba, aliyekuwa akiogopa siku ya kwanza, sasa ndiye aliyesema, "Ongeza, baba, ongeza." Basi tukaweka 44 na volti 1.32. Ikawaka vizuri. Akahariri nayo mchana mzima, akacheka, akasema imekuwa nyepesi kama unyoya. Jioni tukaipa mtihani. Dakika ya arobaini sehemu moja kati ya zile nne ikasimama, joto likiwa nyuzi 87.

"Lakini haijazima," akasema Mjomba. "Tazama, yaenda."

"Yaenda, Mjomba, lakini imejibu uongo mara moja."

"Mara moja katika dakika arobaini!"

Nikachukua daftari nikamwonyesha hesabu. Umeme unaotumiwa na prosesa, ambao wote hugeuka kuwa joto, huongezeka sambamba na mwendo, lakini kwa volti huongezeka kwa kipeo cha pili. Kutoka 34 na volti 1.20 kwenda 42 na volti 1.26, mwendo umezidi kwa asilimia 23 au zaidi kidogo, na umeme umezidi kwa asilimia 36. Hiyo ni biashara. Kutoka 42 kwenda 44 kwa volti 1.32, mwendo wazidi chini ya asilimia 5, na umeme wazidi asilimia 15 juu ya ule wa kwanza. Mteja gani akubali bei hiyo? Mjomba akanyamaza, bado roho yake i pale pale kwenye 44. Mkaza mjomba, aliyekuwa akichambua mchele mlangoni, hakuuliza habari za vipeo. Alisema tu, "Arusi ya watu hairudiwi," akaendelea na mchele wake. Tukarudi 42.

Nimesikia watu wakisema volti ni kitu cha kuchezea kwa kuwa mashine ina kinga. Kinga ni ya joto. Volti zilizozidi huila prosesa polepole hata ikiwa imepoa, na jambo hili limewapata hata wenye viwanda. Mwaka 2024 kampuni ya Intel yenyewe ilikiri kwamba prosesa zake kadhaa za kizazi cha 13 na cha 14 zilikuwa zikipewa volti kubwa mno, zikawa zinazima na kukosea. Ikatoa marekebisho ya programu na kuongeza miaka miwili ya dhamana. Lakini marekebisho hayo hayakuweza kuziponya zile zilizokwisha athirika. Wako pia mabingwa ambao mwaka huo huo waliipeleka prosesa moja kupita gigahezi 9, kwa kuipoza kwa heliamu ya maji maji, ambayo huchemka kwenye nyuzi 269 chini ya sifuri. Huo ni mchezo mzuri wa kutazama. Mashine ile haikuwa na arusi ndani yake.

Kwa wenzangu watakaotaka kujaribu nyumbani, wakiwa na ruhusa ya mwenye mali, nina maneno machache yaliyobaki. Tazameni jina la prosesa kwanza. Kwa Intel tafuteni K, na bodi iwe ya aina iruhusuyo, ambazo aghalabu jina la chipu yake huanza na Z. Mwenye bodi ya H61 asijisumbue. Prosesa nyingi za AMD Ryzen zimeachwa wazi, lakini bodi za A320 hazikubali. Kompyuta nyingi za ofisi zinazouzwa mitumba, kama zile za chumba chetu cha kompyuta hapa shuleni, hazina kabisa nafasi hiyo katika Bayosi, kwa hiyo msimsumbue Mwalimu. Mkiweka tarakimu na mashine ikakataa kuwaka, msilie: chomoeni umeme, toeni ile betri ndogo iliyo kama sarafu katika bodi, ngojeni dakika chache, rudisheni, nayo itasahau yote mliyoiambia. Na mwenye prosesa mpya ajue kwamba hizi za sasa hujipandisha zenyewe mpaka karibu na kilele chao, hivyo akiba iliyobaki ni ndogo, na pengine kuzipoza vizuri kutamfaa kuliko kuzikimbiza.

Filamu ya saa moja iliyokuwa ikichukua saa 3 na dakika 20 sasa yachukua saa 2 na dakika 45. Arusi zote nne zilikabidhiwa kabla sijarudi shuleni. Mwezi wa Machi Mjomba alipokuja kunitazama siku ya wageni, aliniambia kwamba joto la Tanga lilipanda, chumba kikafika nyuzi 34, naye akaona prosesa yasoma 80. Bila kumwita fundi wala mtu yeyote aliingia katika Bayosi, akashusha kizidisho hadi 41 na volti sehemu mbili za mia, akaweka mtihani usiku kucha, akaandika katika daftari. Aliniletea lile daftari nilione. Mwandiko ulikuwa wa mkaza mjomba.